Profesa Natta: Mtaliano aliyeipata plastiki ndani ya ulimbo

VITI vingi vya plastiki vinavyopangwa ukumbini siku ya harusi, viroba vya unga na sukari, kamba za kufungia mashua na barakoa za hospitali zilizovaliwa na mamilioni ya watu mwaka 2020, vyote vina asili moja. Vinatokana na polipropilini, plastiki nyepesi inayoelea majini, isiyooza na inayostahimili maji yanayochemka bila kulainika.

Jina linalotajwa zaidi panapozungumzwa plastiki hiyo ni la Profesa Giulio Natta, mwanakemia wa Italia aliyefariki dunia mwaka 1979. Natta alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1963, na hadi leo ndiye Mtaliano pekee aliyewahi kuipata tuzo hiyo katika fani ya kemia.

Wengi wanaosimulia habari zake hueleza kana kwamba plastiki hiyo ilitoka ndani ya mtungi wa maabara ikiwa tayari, nyeupe na safi. Haikuwa hivyo. Kilichotoka ndani ya mtungi huo kilikuwa bonge la kunata mfano wa ulimbo wa kutegea ndege, lililochanganyika na mabaki ya madini na mafuta. Mtu asiye na subira angelitupa. Sifa ya Natta na vijana wake ni kwamba walilichukua bonge hilo, wakaliosha, wakalichuja, wakalitenga sehemu moja baada ya nyingine, mpaka wakaona kilichojificha ndani yake.

Natta alizaliwa Februari 26, 1903 huko Porto Maurizio, mji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Italia ambao sasa ni sehemu ya Imperia. Ukoo wake ulikuwa wa watu wa sheria, na baba yake alikuwa jaji. Kijana huyo hakuifuata njia hiyo. Inaelezwa kwamba kitabu cha kemia alichokisoma akiwa na umri wa miaka 12 ndicho kilichomvuta, na tangu hapo hakugeuka nyuma. Alimaliza shule ya sekondari mjini Genoa akiwa na miaka 16, na mwaka 1924, akiwa na miaka 21 tu, alihitimu uhandisi wa kemia katika Chuo cha Ufundi cha Milan, maarufu kwa jina la Politecnico.

Kazi zake za mwanzo zilihusu viwanda. Alichunguza namna ya kutengeneza methanoli kutokana na gesi, pamoja na vichocheo vinavyoharakisha kazi hiyo. Methanoli ni aina ya pombe kali isiyonyweka, yenye sumu inayopofusha na kuua. Wakati huo hakuna aliyejua kuwa miaka 30 baadaye kimiminika hicho hicho kingemwagwa kwa wingi katika maabara yake ili kuikusanya plastiki mpya.

Safari iliyomfungua macho ilikuwa ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipokwenda Freiburg, Ujerumani, kujifunza mbinu ya kutazama mpangilio wa atomi kwa kutumia elektroni. Huko alikutana na Profesa Hermann Staudinger, mtu aliyekuwa akipigana vita vya peke yake. Staudinger alishikilia kwamba vitu kama mpira, pamba na plastiki vimeundwa kwa molekuli ndefu mno, minyororo yenye maelfu ya viungo vilivyofungamana. Wanakemia wengi wakubwa wa zama hizo walimpinga, wakidai kuwa ni molekuli ndogo ndogo tu zilizoshikana. Historia ilimpa haki Staudinger, naye akatunukiwa Nobel mwaka 1953.

Natta alirudi nyumbani na mambo mawili kichwani: imani katika molekuli hizo ndefu, ambazo wataalamu huziita polima, na ujuzi wa kupima mpangilio wa ndani ya kitu. Mambo hayo yalikaa kwa miaka 20 kabla ya kukutana.

Mwaka 1933 aliteuliwa kuwa profesa Pavia, mwaka 1935 akahamia Roma, na mwaka 1937 Turin. Mwaka 1935 alimuoa Rosita Beati, msomi wa fasihi, ambaye hakuwa mwanakemia lakini jina lake haliepukiki katika habari hii. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 1938 Natta alirejea Milan kuongoza Taasisi ya Kemia ya Viwanda. Nafasi hiyo haikuachwa wazi kwa heri. Aliyekuwa akiishikilia, Profesa Mario Giacomo Levi, alikuwa Myahudi, na alilazimika kuondoka kutokana na sheria za ubaguzi wa rangi zilizopitishwa mwaka huo na utawala wa Mussolini. Simulizi nyingi za maisha ya Natta hulipita jambo hilo kwa haraka, ingawa bila ya kulijua mtu hawezi kuelewa alifikaje alipofika.

Milan alipewa kazi ya kutafiti mpira wa viwandani, kwa kuwa Italia haikuwa na mashamba ya mpira. Tatizo lililomkabili lilikuwa la kutenganisha. Gesi ya butadieni, inayotengenezewa mpira huo, ilitoka ikiwa imechanganyika na gesi nyingine inayofanana nayo mno. Natta alibuni njia mpya ya kuzitenga. Baada ya vita, mwaka 1947, alikwenda Marekani pamoja na Piero Giustiniani, kiongozi wa kampuni kubwa ya kemikali ya Montecatini, na huko waliona jinsi Wamarekani walivyokuwa wakitumia mafuta ya petroli kama malighafi ya karibu kila kitu. Tangu hapo kampuni hiyo ikawa mfadhili wake.

Mwaka 1952, mjini Frankfurt, Natta alimsikiliza Mjerumani Karl Ziegler akitoa mhadhara. Ziegler, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe mjini Mülheim, alieleza jinsi alivyotumia michanganyiko ya alumini kuunganisha molekuli za gesi ya ethilini. Natta aliona mbali. Mkataba ulifungwa mwaka uliofuata: Montecatini ingelipa, na Ziegler angeipa taarifa za utafiti wake. Vijana watatu wa Kitaliano walitumwa Mülheim kujifunza.

Mwishoni mwa mwaka 1953 Ziegler alipata kichocheo cha ajabu. Kwa kuchanganya misombo ya alumini na titani, aliweza kutengeneza polithini ngumu bila ya kutumia kani kubwa ya mgandamizo iliyohitajika awali. Habari zikafika Milan. Natta akauliza swali ambalo lilionekana dogo: itakuwaje ikiwekwa propilini badala ya ethilini? Propilini ilikuwa gesi rahisi, iliyopatikana kwa wingi kwenye mitambo ya kusafisha mafuta, na majaribio ya awali ya Mülheim hayakuwa yametoa matumaini.

Machi 11, 1954, msaidizi wake Paolo Chini aliifanya kazi hiyo. Jioni Natta aliandika mstari mmoja mfupi katika shajara yake, kwamba polipropilini imepatikana. Natta alikuwa akitafuta mpira, na kwa mtazamo wa kwanza kitu kilichotoka kilielekea kuwa mpira mbaya: kizito, chenye kunata, kisicho na umbo.

Ni vizuri kueleza kwa kituo yaliyofuata, maana hapo ndipo palipokuwa na ugunduzi wenyewe.

Polima inapomaliza kuundwa huwa haiko peke yake. Imezama ndani ya kiyeyusho, imebeba mabaki ya kichocheo, na pembeni yake kuna gesi ambayo haikuungana. Kuichemsha ili kiyeyusho kiishe hakusaidii, kwa sababu uchafu wote hubaki ndani, sawa na mtu anayekausha maji ya tope akitaraji kupata chumvi safi. Njia iliyotumika, na inayotumika hadi leo katika maabara za vyuo vikuu, ni kuifanya polima yenyewe ijitenge.

Mama anayetia ndimu ndani ya maziwa huona mabonge meupe yakijikusanya na maji yakibaki kando. Kwa polima, sababu ni tofauti lakini taswira ni hiyo hiyo. Mnyororo mrefu wa polima unapokuwa ndani ya kiyeyusho unachopatana nacho, hujinyoosha na kuelea. Ikimiminwa methanoli, ambayo mnyororo huo haupatani nayo, mambo hubadilika. Mnyororo hujikunja, hujifunga kama uzi uliovurugika, hushikana na mwenzake, na mara mabonge meupe hutokea. Vitu vyenye molekuli fupi, pamoja na mabaki yanayoyeyuka, hubaki ndani ya kimiminika na kumwagwa. Tena methanoli ina faida ya pili: huua kichocheo. Misombo ile ya alumini ni hatari, huwaka moto yenyewe ikikutana na hewa, lakini pombe huivunja nguvu.

Katika maabara ya Milan, bonge lilitibiwa kwanza kwa etha au asetoni pamoja na asidi ya haidrokloriki ili kuyayeyusha mabaki ya madini. Kisha likamiminiwa methanoli hadi polima yote ilipoganda. Ikachujwa, ikakaushwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, ikapimwa uzito. Ni kazi isiyo na fahari, inayofanana zaidi na ya jikoni kuliko ile ambayo watu huifikiria wanaposikia habari za Nobel.

Wengine wangeishia hapo. Wangekuwa na polima safi, wangepima sifa zake na kuandika kuwa ni kitu laini kisichofaa. Natta na wenzake hawakuridhika kwa sababu waliona ndani ya bonge hilo chembe nyeupe ambazo hazikufanana na sehemu iliyonata. Wakaanza kukamua.

Kila aliyewahi kuandaa nazi anaielewa kazi hiyo. Nazi iliyokunwa hukamuliwa mara ya kwanza likatoka tui zito, ikatiwa maji na kukamuliwa tena likatoka tui jepesi, mwisho ikabaki chicha. Polima ya Chini iliwekwa katika chombo cha kioo ambamo kiyeyusho huchemka chini, mvuke wake hupanda, hupoa na kuidondokea, kisha hurudi chini kikiwa kimebeba kinachoyeyuka. Asetoni ilitoa sehemu ya mafuta mafuta. Etha ilitoa sehemu iliyonata kama mpira. Heptani inayochemka ilitoa sehemu ya tatu, iliyokuwa ngumu kiasi.

Kikabaki chicha. Tofauti na jikoni, ambako chicha hutupwa au hupewa kuku, hapa ndicho kilichokuwa dhahabu. Ulikuwa ni unga mweupe, mgumu, ambao haukuyeyuka hata katika heptani inayochemka na ulihitaji joto la zaidi ya nyuzi 160 kulainika. Unga huo na ule ulimbo vilitoka ndani ya mtungi mmoja, kutokana na gesi moja, na hesabu ya kaboni na haidrojeni ndani yake ilikuwa ni ile ile. Vipi basi kimoja kiwe gundi na kingine kiwe jiwe?

Jibu lilitafutwa kwa mionzi ya eksirei, na hapo mafunzo ya Freiburg yakazaa matunda. Kazi hiyo aliifanya Paolo Corradini, kijana aliyekuwa bado katikati ya miaka ya 20. Picha zake zilionyesha kwamba unga huo ni fuwele, yaani molekuli zake zimepangika kwa utaratibu. Mnyororo ulikuwa umejisokota kama ngazi ya kuzunguka, na kila viungo vitatu ulikamilisha mzunguko mmoja, wenye urefu wa sehemu 6.5 za bilioni kumi za mita.

Kila kiungo cha polipropilini kina tawi dogo lililochomoza pembeni. Katika unga mweupe matawi yote yako upande mmoja, mithili ya wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi ambao kila mmoja ameshika begi kwa mkono wa kulia. Mstari kama huo unaweza kusogezwa karibu na mwingine bila ya mabegi kugongana, na minyororo ikikaribiana hushikana kwa nguvu. Katika ule ulimbo, matawi yamekaa ovyo, huku kulia, kule kushoto, na minyororo haiwezi kupangika. Utaratibu huo wa viungo ndio uliofanya tofauti yote, na kichocheo cha Ziegler ndicho kilichouleta. Hadi wakati huo wengi waliamini kuwa upangaji wa namna hiyo ni kazi ya viumbe hai pekee, mfano mti wa mpira.

Kitu kipya kilihitaji jina. Mkewe Natta, Bi Rosita, aliyekijua Kigiriki, ndiye aliyelitoa. Polima yenye matawi upande mmoja ikaitwa isotaktiki, yaani iliyopangwa sawa, na ile isiyo na mpangilio ikaitwa ataktiki. Maneno hayo yanafundishwa hadi leo katika vyuo vikuu duniani kote, na ni wanafunzi wachache wanaojua kuwa yalitungwa na mtu wa fasihi.

Tangazo la kisayansi lilipelekwa Marekani mwezi Desemba 1954 na kuchapishwa mwaka uliofuata katika jarida la chama cha wanakemia wa nchi hiyo. Lakini kabla ya hapo lilikuwa limefanyika jambo jingine lililoacha doa. Juni 8, 1954, ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, liliwasilishwa nchini Italia. Ziegler hakuwa na habari. Maabara yake nayo ilikuwa imefanikiwa kutengeneza polipropilini katika kiangazi cha mwaka huo, na ilipofika Agosti 3 alipeleka ombi lake, kumbe Wataliano walikwisha kumtangulia.

Mjerumani huyo aliumia. Alikuwa amewafungulia mlango wageni, akawapa kichocheo chake, na wao wakakitumia bila ya kumwambia. Upande wa Italia uliona kuwa mkataba uliwaruhusu, na kwamba kazi ya kuitenga polima na kuuona mpangilio wake ilikuwa yao. Ukweli hapa haugawanyiki kirahisi. Bila Ziegler kusingekuwa na bonge la kuosha, na bila Milan bonge hilo huenda lingeonekana kuwa ulimbo tu kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, kukaa kimya mbele ya mtu uliyefunga naye mkataba si jambo la kusifiwa, hata kama wanasheria wamelipitisha. Pande hizo mbili baadaye zilikubaliana kugawana mapato ya leseni, lakini urafiki ulipoa.

Wakati huo huo Montecatini ilifanya haraka. Mwaka 1957 kiwanda cha Ferrara kilianza kutoa polipropilini kwa jina la kibiashara la Moplen. Mchekeshaji Gino Bramieri aliinadi katika televisheni ya Italia akiwa na ndoo na mabeseni, na baada ya muda mfupi akina mama wa nchi hiyo waliacha vyombo vya bati.

Kiwandani, kuosha kulikuwa mzigo mkubwa. Kichocheo cha miaka hiyo kilikuwa dhaifu, hivyo mabaki yake yalikuwa mengi na ilibidi yaondolewe kwa pombe. Ule ulimbo wa ataktiki nao ulipaswa kutolewa kwa kiyeyusho, kisha viyeyusho vyote vichemshwe na kusafishwa ili vitumike tena. Sehemu kubwa ya mitambo haikuwa ya kutengeneza plastiki bali ya kuisafisha. Wataalamu wa Ferrara, pamoja na wenzao wa kampuni ya Mitsui ya Japani, walipata kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vichocheo vipya vilivyobebwa na chumvi ya magnesi. Nguvu yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mabaki yakawa machache mno na ulimbo ukapungua. Hatua kwa hatua viwanda vikaacha kuosha. Methanoli ikarudi maabara, mikononi mwa wanafunzi.

Maendeleo hayo hayakuwa ya heri kwa kila mtu. Maelfu ya kilomita kusini mwa Ferrara, Tanganyika ilikuwa ikiishi kwa mkonge. Zao hilo lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ni miche 62 tu iliyosalia hai kati ya 1,000 iliyoanza safari. Kutokana na miche hiyo yalikua mashamba makubwa ya Tanga, Muheza, Korogwe na Morogoro, yaliyoajiri manamba kutoka kila pembe ya nchi na nje yake. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia kiasi cha tani 230,000, na nchi ilikuwa ikiongoza duniani.

Mteja mkubwa wa katani alikuwa mkulima wa Ulaya na Amerika Kaskazini, aliyeihitaji kamba ya kufungia nyasi za mifugo. Kamba ya polipropilini ilikuwa nyepesi zaidi, haikuoza na haikuliwa na panya. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge iliporomoka. Si haki kuitwika plastiki lawama yote, kwani yapo pia masuala ya uendeshaji wa mashamba baada ya kutaifishwa mwaka 1967 na ushindani wa Brazil. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilizalisha takriban tani 20,000 tu, na miji iliyokuwa imechangamka kando ya reli ya Tanga ilibaki na magofu ya mitambo ya kuchakata mkonge. Nchini Kenya nako, mashamba ya Vipingo na Taita Taveta yalilionja soko hilo hilo.

Inachekesha kidogo kwamba kamba ya plastiki inayouzwa madukani Afrika Mashariki huitwa kamba ya manila. Manila halisi ilikuwa nyuzi za mmea wa Ufilipino, jirani wa mkonge katika biashara, na yenyewe ilisukumwa kando na plastiki iliyorithi jina lake.

Natta hakupata muda mrefu wa kufurahia umaarufu. Mwaka 1956, miaka miwili tu baada ya unga ule mweupe kupatikana, alianza kusumbuliwa na ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha mikono na kukakamaza mwili. Kwa mtu aliyependa kupanda milima, kuteleza kwenye theluji na kutembea msituni akitafuta uyoga, ilikuwa adhabu kali. Aliendelea na kazi. Alisimamia kundi kubwa la watafiti na kuacha machapisho yapatayo 700, mengi yakihusu polima zenye mpangilio. Miongoni mwa matunda ya miaka hiyo ni mpira mpya wa ethilini na propilini, kwa hiyo hata lile lengo lake la kwanza la kupata mpira halikupotea.

Desemba 10, 1963 alisimama jijini Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel pamoja na Karl Ziegler. Mwili wake ulikuwa umedhoofu kiasi cha kuhitaji kushikwa, na mwanawe alikuwa karibu kumsaidia. Wanaume hao wawili, ambao hawakuwa tena marafiki, waligawana tuzo moja, na majina yao yameunganishwa na wanakemia kwa namna ambayo haitenganishiki: vichocheo vile huitwa hadi leo vichocheo vya Ziegler na Natta.

Mahakama za Marekani nazo zilikuwa na maoni yao. Kesi ya nani aliitengeneza kwanza polipropilini ya fuwele ilidumu kwa takriban miaka 30, ikihusisha makampuni kadhaa makubwa. Hatimaye, mwaka 1983, hataza ya nchi hiyo ilikwenda kwa kampuni ya Phillips, kwa kuwa watafiti wake wawili, Paul Hogan na Robert Banks, walikuwa wameipata mwaka 1951 katika mji wa Bartlesville, Oklahoma, kwa kichocheo tofauti, bila ya kuielewa kama Natta alivyokuja kuielewa. Wakati huo Ziegler alikuwa amefariki tangu mwaka 1973 na Natta tangu mwaka 1979.

Bi Rosita alitangulia kufariki mwaka 1968. Natta alistaafu mwaka 1973 na kuishi maisha ya utulivu huko Bergamo, kaskazini mwa Italia, ugonjwa ukizidi kumbana. Alifariki dunia Mei 2, 1979, akiwa na umri wa miaka 76. Corradini, yule kijana wa picha za eksirei, aliendelea kufundisha mjini Naples kwa miongo kadhaa.